Je, Wajua? Betri mbili zinaweza kufa usiku mmoja

Boti yenye betri mbili inaweza kulala na umeme tele, ikaamka bila chembe. Mara nyingi chanzo ni swichi ya kuchagua betri iliyoachwa kwenye "zote". Hapo betri mbili huwa moja: iliyo nzima huimwagia umeme iliyochoka, taa zinanyonya zote, na alfajiri stata haigeuki. Watakuwepo wa kusema nguvu ya mbili huishinda ya moja. Ni kweli, lakini kwa sekunde za kuwasha injini tu. Zaidi ya hapo, akiba si akiba tena.

Kuzima ni hatari kubwa zaidi. Swichi ya kawaida ikipelekwa "zima" injini ikinguruma, altaneta hukosa pa kupeleka umeme, volti zinaruka, na diodi zake zinaweza kuungua papo hapo. Na swichi haipimwi kwa macho, bali kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, husoma takriban 12.6, injini ikiwaka hupanda karibu na 14. Injini ikiwaka, jaribu swichi kwenye namba 1, pitia "zote", kisha 2. Kila betri ipande. Halafu gusisha mita kwenye boliti mbili za swichi stata ikizunguka: isome karibu sifuri. Ikifika nusu volti, mguso wa ndani umechakaa au umeshika kutu. Kutu hiyo si ya bahari pekee. Ziwa Singidani, katika Manispaa ya Singida, liko mamia ya kilomita kutoka pwani, na maji yake ni ya chumvi.