SARATANI YA INI: TUANZE GHALANI

Mkoa wetu wa Ruvuma unajulikana kwa mahindi, na hapa Songea mtu asipokula ugali huona hajala. Ndiyo maana tukiizungumzia saratani ya ini tunaanzia ghalani, ingawa wengi hudhani maradhi haya ni ya walevi peke yao. Ni kweli pombe huharibu ini, nayo tumekwisha katazwa. Lakini hata asiyewahi kuonja tone anaweza kuugua.

Mahindi na karanga vikiwekwa vikiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huharibu chembe hai za ini hata zikageuka saratani. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huua upesi. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki.

Wapo wasemao mahindi yaliyoharibika yafanyiwe togwa, au apewe ng'ombe. Huko ni kuihamisha sumu tu, kwani kwa ng'ombe hutokea kwenye maziwa. Tuanike juu ya turubai, si kwenye udongo. Kujua kama yamekauka, tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, kisha subiri kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi zichambuliwe zitupwe, wala zisisagwe kuungia mboga.

Adui wa pili ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Basi wembe wa jando, wa kunyolea na wa kuumika (hijama) uwe mpya kwa kila mtu. Kula sinia moja au kupeana mikono hakuambukizi, kwa hiyo tusimtenge mgonjwa. Mwenye virusi hivi akila na sumukuvu, hatari yake huzidi mara nyingi.

Dalili huchelewa: maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda, tumbo kujaa maji, macho kuwa manjano. Hapo ndipo tunaposema amerogwa, na miezi ikapotea kwa waganga.

Chanjo ya virusi hivi ipo. Nchini kwetu watoto wachanga walianza kupewa mwaka 2002. Wanafunzi, tazameni kadi zenu za kliniki. Wazazi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Wao wapime damu kwanza. Asiye navyo huchomwa sindano tatu ndani ya miezi sita. Atakayekutwa navyo, hata kama hajisikii kuumwa, awe chini ya uangalizi wa daktari, kwani zipo dawa za kuvidhibiti.