Leseni ya Lori Durban: Ya Kweli na Ya Vijiweni

Kwenye vijiwe vya Waswahili wa Durban, kuanzia Albert Park hadi Point, Mkongo anayelinda magari na Mtanzania kinyozi wana ndoto moja: Code 14, leseni ya lori lenye tela. Bandari iko hapo hapo, na barabara ya N3 iendayo Johannesburg haikauki malori. Maneno nayo ni mengi. Tuyapime.

"Lazima uanze na leseni ya gari dogo." Uongo. Ukitimiza miaka 18 unafanya mtihani wa leseni ya mwanafunzi, Code 3, kisha unakwenda moja kwa moja kwenye lori. Code 10 ni ya lori lenye uzito wa jumla kati ya kilo 3,500 na 16,000. Code 14 ni ya kichwa na tela, nayo hukuruhusu kuendesha hata gari la familia. Pikipiki tu haimo.

"Bila shule ya udereva hupati leseni." Uongo, ingawa wenye shule hawapendi kulitangaza. Sheria inataka uwe na leseni ya mwanafunzi, na kando yako akae mtu mwenye leseni ya lori la aina hiyo. Utingo aliyefundishwa na dereva wake anaruhusiwa kwenda kutahiniwa. Ila siku ya mtihani unafika na lori lako, na nani atakuazima? Hapo ndipo shule inapopata wateja. Angalia pia gia: ukitahiniwa kwa lori la otomatiki, leseni huandikwa hivyo, na la gia za mkono huruhusiwi kulishika.

"Ukipata Code 14, kazi umepata." Uongo. Bado kuna kibali cha dereva wa kazi, PrDP. Cha mizigo huanzia miaka 18, cha abiria 21, cha mizigo ya hatari kama mafuta 25. Unapimwa afya, na kibali huisha baada ya miaka miwili.

"Leseni ya nyumbani inatosha." Nusu kweli. Anayeingia na lori lenye namba za kwao hutumia vibali vya kwao. Lori lenye namba za Afrika Kusini linataka PrDP ya huko, pamoja na haki ya kufanya kazi. Leseni ya Congo, kwa kuwa ni ya Kifaransa, huhitaji tafsiri. Na karatasi zikikamilika, bado si salama kila siku: mwaka 2018 malori mengi yalichomwa moto Mooi River, kwenye N3, katika ghasia zilizohusishwa na hasira dhidi ya madereva wageni.

"Aliyefaulu K53 analijua lori." Huu ndio uongo mbaya kuliko yote, kwa sababu hata waliofaulu huuamini. K53 ni mtihani mgumu: unakagua lori kabla ya kuliwasha, unalirudisha nyuma kwa mstari, unaliingiza kwenye kichochoro, unaondoka mlimani bila kuserereka hata kidogo. Lakini lori la shule kwa kawaida ni tupu. La kazini, lenye tela mbili, huruhusiwa kufika tani 56.

Kutoka Johannesburg kuja Durban unashuka Van Reenen, kisha Town Hill karibu na Pietermaritzburg. Ukiutegemea mguu peke yake, breki hupata moto na kuacha kushika. Gia ndogo huchaguliwa juu, kabla ya kushuka, kwani lori likishachanganya kasi gia hiyo haiingii tena. Tarehe 5 Septemba 2013, kwenye mteremko wa Field's Hill huko Pinetown, lori lililoshindwa kusimama liliyavamia magari makutanoni na watu 24 wakafa. Dereva alikuwa na miaka 23. Alikiri kosa, akahukumiwa kifungo. Baadaye malori makubwa yalipigwa marufuku kupita mteremko huo.

Kwa hiyo, ndugu, kabla hujalipa ada, uliza mambo matatu: lori la mtihani ni la gia gani, je, limo ndani ya bei, na kuna siku utakayoshushwa mlima ukiwa na mzigo? Wakilicheka swali la tatu, tafuta shule nyingine.