Ukiambiwa Kazi Yako ni Wito

Mwalimu akilalamikia mshahara, jibu huwa tayari mdomoni mwa watu: ualimu ni wito. Muuguzi naye huambiwa hivyo hivyo. Neno lenyewe ni zuri, ila mara nyingi hutumiwa kufunika chungu kisicho na kitu.

Wanasaikolojia wamelichunguza. Mwaka 1997, nchini Marekani, Amy Wrzesniewski na wenzake walieleza namna tatu za mtu kuitazama kazi yake. Yupo anayetafuta riziki: saa ya kutoka ikifika anafunga droo, maisha yake yako nyumbani. Yupo anayepanda ngazi: macho yote kwenye cheo kinachofuata. Na yupo mwenye wito: kazi ni sehemu ya nafsi yake, na angeifanya hata asingekuwa na shida ya pesa.

Miongoni mwa waliochunguzwa walikuwamo wasaidizi wa ofisi 24. Kazi zao zilifanana, lakini waligawanyika karibu sawasawa katika makundi yote matatu. Kumbe wito haumo kwenye kazi, umo ndani ya mtu. Hakuna mwajiri anayeweza kuuandika kwenye barua ya ajira.

Tena wito una gharama. Mwaka 2009, Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti kuhusu watunza wanyama 982 katika bustani za wanyama 157 za Marekani na Kanada. Wengi wao walikuwa na shahada, ila kipato chao kilikuwa kidogo. Kadiri mtunzaji alivyoona ameumbiwa kazi hiyo, ndivyo ilivyokuwa na maana kwake, na ndivyo alivyokuwa tayari kujinyima pesa, muda na starehe. Kuacha kazi kwake kulikuwa sawa na kuwatupa wanyama. Hapo ndipo watafiti walipoona hatari: mtu wa namna hiyo ni rahisi kunyonywa. Hata hivyo hakuwa mjinga. Ni yeye pia aliyewakazia macho wakubwa wake, akitaka wautimize wajibu wao kama yeye alivyoutimiza wake.

Kwa hiyo ukisikia kazi yako ni wito, tazama anayesema ni nani. Ukijiambia mwenyewe, shukuru, maana si wengi wenye bahati hiyo. Akikuambia anayekulipa, tena siku uliyokwenda kuomba nyongeza, mjibu kwa adabu kwamba wito ni wako, mshahara ndio ulioko mikononi mwake.