Mama, hiyo garanti si yako

Wamama wengi wa Buluo tunajenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, ili watoto wasome. Tunadai garanti ya miezi sita, tunanunulia bati, halafu mpangaji anahama na sisi hatuna kitu cha kumrudishia. Aibu, na maneno kwa chifu wa kartie! Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Tuiweke kando. Tuandike mkataba, pamoja na hali ya milango, kufuli na choo.

Na wewe unayetafuta nyumba kuukuu uitengeneze, uiuze: kwa sheria ya 1973 udongo ni mali ya Serikali. Karatasi ya muuzaji peke yake haitoshi. Usinunue hata rangi kabla ya kuona cheti cha uandikishaji.