Fahamu: Shamba la Simbo ni la nani kisheria?

Muuzaji anakuonyesha shamba huko Simbo, Kigoma, mkononi ana karatasi ya mauziano yenye mashahidi wawili. Usitoe pesa bado. Karatasi hiyo inaeleza mliyokubaliana tu. Haithibitishi kwamba shamba ni lake.

Anza kwa kuuliza: hii ni ardhi ya kijiji au kiwanja kilichopimwa? Ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na kumbukumbu zake zipo kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, chini ya mtendaji. Mwombe akuonyeshe daftari, na hatimiliki ya kimila kama imetolewa. Wengi hawana hati hiyo, na haki yao ya kimila haifutiki kwa sababu hiyo. Basi waulize majirani wa mipakani, na mke au mume wa muuzaji. Mimi nisingelipia shamba ambalo mwenza wa muuzaji hajaliongelea.

Kwa kiwanja chenye hati, kama vile cha Kigoma mjini au Ujiji, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Ukilipa ada, utaona jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lolote.