Si Kila Homa ni Malaria

Katika nyumba zetu nyingi homa ya mtoto hupewa jina kabla mtoto mwenyewe hajafikishwa zahanati. Mwili ukichemka usiku, asubuhi husemwa kwamba malaria imempanda. Mzazi humweleza mganga hivyo, na mganga, mwenye foleni ndefu mlangoni, huandika hivyo hivyo. Mazoea haya yana asili yake. Kwa miaka mingi zahanati nyingi hazikuwa na hadubini, na kumpa klorokwini kila mwenye homa kulionekana kuwa ndiyo njia ya salama.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha hatari ya mazoea hayo. Katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wataalamu waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa kudhaniwa kuwa na malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini, ni wagonjwa 2,062 tu waliokutwa na vijidudu vya malaria. Hawakufika hata nusu.

La kuhuzunisha zaidi ni hili. Miongoni mwa waliokuwa na malaria, walifariki 7 katika kila 100. Miongoni mwa wasiokuwa nayo, walifariki 12 katika kila 100. Wagonjwa 1,571 wasio na vijidudu hivyo hawakupewa dawa za kuua bakteria, na 120 kati yao walifariki. Haiwezi kusemwa kwamba wote hao wangepona, lakini ni dhahiri kwamba jina la malaria liliuficha ugonjwa mwingine.

Je, dawa ya tatizo hili ni vipimo peke yake? Mwaka 2007 utafiti mwingine katika hospitali za serikali nchini ulijibu kwamba sivyo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilionyesha hawana malaria waliandikiwa dawa za malaria vilevile. Mganga huchelea kumwacha mgonjwa wa malaria bila dawa, naye mgonjwa huona hajatibiwa akirudi nyumbani bila vidonge alivyovitarajia.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Ndipo wataalamu wakajaribu njia nyingine katika vituo 36 vya Muheza na Moshi. Waganga walifundishwa katika vikundi vidogo, wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu, na katika baadhi ya vituo wagonjwa wenyewe wakaelezwa kwa mabango na vipeperushi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba utoaji wa dawa za malaria kwa wasiozihitaji ulipungua.

Funzo la utafiti huo linatuhusu sisi tunaokaa kwenye benchi la kusubiri. Homa isisubiriwe ipoe yenyewe, kwani malaria ingali inaua, hasa watoto wadogo. Mpeleke mtoto kituoni siku hiyo hiyo na uombe apimwe. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidole na muda wa kama dakika 20. Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto, amalize dozi yote ya siku 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

Asipokutwa nayo, usimshurutishe mganga akupe dawa hiyo. Muulize: ni nini basi kinachomsumbua mwanangu? Huenda ni kichomi, sikio, au njia ya mkojo. Homa ikiendelea, mrudishe. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kupumua vizuri, au akipoteza fahamu, mkimbize hospitali bila kungoja kupambazuke.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mzazi anayeuliza humsaidia mganga kutafuta ugonjwa wenyewe.