SIKIO LINALOTOA USAHA: USINGOJE MTOTO AKUE



Bila shaka umewahi kumwona mtoto mwenye pamba sikioni na nzi wakimfuata, wenzake wakimkwepa kwa sababu ya harufu. Mzazi akiulizwa hujibu, "Ni sikio tu, litakauka akikua." Karatasi hii inaeleza kwa nini jibu hilo ni la hatari, ni nini kilichogunduliwa na wataalamu waliochunguza ugonjwa huu hapa Afrika Mashariki, na wewe unaweza kufanya nini nyumbani kwako.

Ugonjwa huu haujui mpaka. Upo Buhehe na Busia ya Uganda, upo Busia ya Kenya na upo Tororo. Mwaka 2008, watu waliokimbia ghasia za uchaguzi Kenya walivuka Busia na Malaba, wakapokewa Mulanda wilayani Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Msafara wa namna hiyo hubeba watoto wenye mafua, na watoto hao hulala wengi katika hema moja lenye moshi. Hapo ndipo maradhi ya masikio yanapopata nafasi.

USAHA HUTOKA WAPI?

Sikio lina sehemu tatu. Ya nje ndiyo tundu unaloliona. Mwisho wa tundu hilo kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma, nayo huitwa kiwambo cha sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo, yaani sikio la kati, chenye vifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Sehemu ya tatu ni ya ndani kabisa, karibu na ubongo.

Chumba cha kati kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala. Akipata mafua au surua, vijidudu hupanda kutoka puani hadi sikioni. Usaha hujaa, mtoto hulia usiku kwa maumivu, halafu kiwambo hutoboka na usaha humwagika nje. Maumivu hupungua, na mzazi hudhani mtoto amepona. Kumbe sasa kuna tundu, na kupitia tundu hilo maji na uchafu huingia kila siku.

Usaha ukitoka kwa siku chache, huo ni ugonjwa mpya. Ukizidi siku 14, tunauita ugonjwa sugu, na matibabu yake ni tofauti.

KWA NINI TUNASEMA NI HATARI?

Kwanza, mtoto hupoteza usikivu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2004 kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani wana masikio yanayotoa usaha, na kwamba 60 kati ya kila 100 miongoni mwao wamepungukiwa na usikivu. Mtoto asiyesikia vizuri hachelewi kuitwa mkaidi au mjinga. Mwalimu humwadhibu kwa kutotii, na mama humpigia kelele. Yeye mwenyewe hajui kwamba wenzake husikia zaidi yake.

Pili, ugonjwa unaweza kuua. Usaha ukila mfupa wa nyuma ya sikio unaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo. Shirika hilo hilo lilikadiria vifo 28,000 kwa mwaka kutokana na ugonjwa huu sugu.

UCHUNGUZI WA KIAMBU

Zamani wahudumu wengi waliamini kwamba kulikausha sikio kunatosha. Je, ni kweli? Swali hilo lilichunguzwa katika shule za msingi za wilaya ya Kiambu, Kenya, na matokeo yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la Lancet.

Watoto 524 wenye usaha sugu, wa umri wa miaka 5 hadi 15, waliwekwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza walikaushwa masikio, wakapewa dawa ya matone pamoja na dawa ya kumeza ya kuua vijidudu. Kundi la pili walikaushwa masikio tu. Kundi la tatu hawakupewa matibabu yoyote wakati wa uchunguzi. Baada ya wiki 16 walipimwa tena.

Katika kundi la kwanza, usaha ulikwisha kwa watoto 51 katika kila 100. Katika kundi la pili, ulikwisha kwa watoto 22 katika kila 100. Na katika kundi la tatu lisilotibiwa? Pia 22 katika kila 100.

Fikiri juu ya hesabu hiyo. Kukausha peke yake hakukuzidi kukaa bila matibabu. Kukausha pamoja na dawa kulizidisha maradufu idadi ya waliopona usaha. Tena, watoto ambao masikio yao yalikauka walisikia vizuri zaidi kuliko wale ambao bado walikuwa na usaha.

Lakini kuna jambo la pili la kujifunza. Kiwambo kilichotoboka kilijiziba kwa watoto wachache tu, kama 15 katika kila 100 hata kwa waliopewa dawa. Maana yake ni kwamba sikio likikauka, tundu linaweza kubaki. Kwa hiyo maji yasiingie, na usaha ukirudi usikate tamaa, rudi zahanati.

DAWA IPI?

Swali lililofuata lilikuwa juu ya matone yenyewe. Uchunguzi mwingine uliofanyika Kenya ulichapishwa mwaka 2005. Watoto 39,841 wa shule 141 walikaguliwa masikio, na 427 waliokuwa na usaha sugu wakaingizwa katika uchunguzi. Nusu walipewa matone ya siprofloksasini, na nusu matone ya asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti. Waliowakausha na kuwatia dawa walikuwa watoto wenzao shuleni, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili.

Baada ya wiki mbili, usaha ulikuwa umekwisha kwa watoto 59 katika kila 100 waliopata siprofloksasini, na kwa 32 katika kila 100 waliopata asidi ya boriki. Waliopata asidi ya boriki walilalamika zaidi kwa maumivu na muwasho.

Kwa hiyo leo WHO inashauri matone ya aina ya siprofloksasini kwa usaha uliozidi siku 14. Matone hufika moja kwa moja mahali penye ugonjwa, kwa hiyo usione kwamba umenyimwa vidonge. Vidonge au dawa ya maji ya kumeza hutolewa kwa ugonjwa mpya, ambao usaha wake haujatimiza siku 14. Ndiyo maana mhudumu atakuuliza, "Usaha ulianza lini?" Mjibu kweli, hata kama ni miezi mingi. Hutagombezwa.

JINSI YA KUKAUSHA SIKIO NA KUTIA DAWA

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji. Kisokote kiwe utambi wenye ncha laini. Usitumie karatasi inayochanika, kwa kuwa itabaki ndani.
3. Ingiza utambi taratibu katika tundu la sikio. Uache unyonye mpaka ulowe.
4. Utoe, uutupe chooni, na uingize mwingine safi. Endelea mpaka utambi utoke mkavu.
5. Shika chupa ya dawa mkononi kwa dakika chache ipate joto la mwili, maana dawa baridi huleta kizunguzungu.
6. Mlaze mtoto ubavu, sikio bovu likiwa juu. Tia matone kwa idadi uliyoelezwa na mhudumu.
7. Bonyeza mara kadhaa kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, ili dawa iteremke. Mtoto abaki amelala kwa dakika chache.

Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili kamili, au kama mhudumu alivyokuagiza. Usaha ukikoma siku ya nne, usiache dawa. Usimpe jirani chupa iliyobaki. Mrudishe mtoto zahanati siku ya tano akaguliwe. Wiki mbili zikiisha na usaha bado upo, rudi tena. Umeona katika uchunguzi kwamba si kila mtoto hupona kwa duru ya kwanza, na wapo wanaohitaji kuonwa na daktari wa masikio hospitalini.

USIFANYE HAYA

- Usitie sikioni mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani.
- Usichokoe sikio kwa njiti ya kiberiti, unyoya au pini.
- Usizibe sikio kwa pamba mchana kutwa. Usaha unahitaji kutoka.
- Usimwache mtoto aoge mtoni au bwawani hadi aambiwe amepona. Akioga nyumbani, ziba tundu kwa pamba iliyopakwa vaselini, kisha uitoe mara moja.
- Usinunue dawa ya sikio dukani bila kukaguliwa. Baadhi ya matone yanaweza kudhuru usikivu iwapo kiwambo kimetoboka.

NENDA ZAHANATI SIKU HIYO HIYO UKIONA

- Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele.
- Homa kali pamoja na shingo kukakamaa, au kichwa kuuma sana.
- Kutapika kila kitu, degedege, au usingizi usio wa kawaida.
- Uso kupinda upande mmoja.
- Kizunguzungu kikali au kushindwa kusimama.

Usingoje asubuhi. Dalili hizi zina maana kwamba ugonjwa umevuka sikio.

KINGA

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama. Ikiwa anatumia chupa, asinywe akiwa amelala chali. Pika nje au mahali penye hewa, kwa maana moshi huvimbisha pua na ule mrija wa sikio. Mfundishe mtoto kupenga kamasi taratibu, tundu moja la pua baada ya jingine, bila nguvu nyingi. Mtoto akiwa na mafua, mtazame masikio pia.

Chanjo husaidia. Surua huacha watoto wengi na masikio mabovu, kwa hiyo usikose chanjo yake. Chanjo ya kuzuia nimonia, ambayo hukinga dhidi ya kijidudu kimojawapo kinacholeta ugonjwa wa sikio, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011 na Uganda mwaka 2013. Kama kadi ya mtoto ilipotea njiani, njoo hivyo hivyo. Hatutamrudisha mtoto kwa sababu ya kadi.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Mtoto anayesema "eh?" kila mara, anayegeuza kichwa upande mmoja, au anayekaa kimya wenzake wakijibu, mleteni apimwe kabla ya kumwadhibu. Mwenye sikio bovu akae mbele darasani, na sikio zima limwelekee mwalimu. Ongeeni naye uso kwa uso, kwa sauti ya kawaida, msimpigie kelele.

Kumbukeni pia wale wanafunzi wa Kenya waliowatibu wenzao. Hawakuwa madaktari. Walikuwa na utambi safi, chupa ya matone na mtu wa kuwaelekeza. Mtoto mkubwa katika nyumba yako anaweza kujifunza kumkausha mdogo wake sikio, maadamu mtu mzima anasimamia.

Baada ya kusoma karatasi hii, fanya jambo moja leo. Mwite kila mtoto wa nyumba yako, mpeleke penye mwanga, tazama na kunusa masikio yote mawili. Ukikuta unyevu au harufu, njoo naye zahanati kesho asubuhi. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.